Safu ya Pembeni

Saa sita mchana nawasuuza hadi bakteria wa mwisho.
Amiba wa udongo wa Pugu, milioni kumi kwa kisahani,
kila mmoja na lake, kila mmoja na tumbo lake.
Kuanzia sasa mwalimu ni njaa.

Dokta Kokuhirwa kanipa daftari lenye safu moja:
Spora, hesabu.
Jeni tuliyoing'oa haina jina la kumwita mtoto,
ni herufi tatu na namba, kama kibao cha pikipiki.

Saa moja usiku wanaanza kuitana.
Mmoja hutoa tone, jirani hulipokea, naye hutoa lake,
na kila dakika sita wimbi linapita
kama mkunjo kwenye shuka.
Ukungu unapiga ukunga, nikamwambia Nasibu.
Hakucheka. Alikuwa anasikiliza kiyoyozi.

Kiyoyozi kikakata roho saa tatu,
na hawa wanataka nyuzi ishirini na mbili,
hawajui Desemba ya Dar es Salaam.
Nasibu akakimbia Changanyikeni, akarudi
na barafu za mifuko, za shilingi mia mia,
mbili zina rangi ya ubuyu.
Tukavipanga visahani ndani ya deli la muuza samaki.
Humo, gizani, kwenye shombo,
wakachanganyika.

Saa kumi alfajiri wamekuwa konokono asiye na nyumba,
laki moja ndani ya ngozi moja ya ute,
anaufuata mwanga wa simu yangu.
Kisha wanagawana.
Wanne watakuwa spora.
Wa tano atajaza maji tumboni, atajijengea ukuta,
atakufa amesimama, awe bua,
ili wenzake wakae juu
mahali mguu wa mdudu unapoweza kuwabeba.

Nani anachagua? nilimuuliza Dokta mwaka jana.
Jeni, alisema.
Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akasita.
Jeni husoma. Husoma nani alishiba mara ya mwisho.
Aliyekula vizuri kabla ya njaa huelekea kuwa spora.
Aliyeingia njaani na njaa yake, bua.

Hawa wa kisahani cha tatu, walionyofolewa jeni,
hawataki kuwa bua. Wote ni mbegu.
Saa sita mchana nawaona kwenye hadubini:
lundo la spora, zimenenepa, zinang'aa,
zimelala chini kama mchele uliomwagika,
na hakuna wa kuziinua.

Waliosema umoja ni nguvu
hawakuuliza nguvu inakwenda kwa nani.

Mama yangu, Mbagala Kizuiani, alipakua sahani tano,
akakaa kando na kikombe cha chai ya rangi:
Mimi nimeshaonja jikoni.
Tuliamini. Tulikuwa na njaa, kuamini kulikuwa rahisi.
Hii si data. Naifuta.

Lakini daftari lina ukingo mpana.
Nachukua rula, nachora safu ya pili:
Bua, hesabu.
Kwenye kisahani cha kwanza, chenye jeni zake zote,
nahesabu seli za shingo ile nyembamba,
tupu, kuta tu,
kama vyumba vya nyumba iliyohamwa.
Mia mbili na kumi na moja.
Narudia. Mia mbili na tisa.
Nje tumbili wa Mlimani wanapindua pipa la taka.
Nasibu kalala, kalikumbatia deli.

Saa nane Dokta anaingia, anafungua daftari,
kidole chake kinasimama pembeni.
Hii nani kaagiza?
Hakuna, nasema.
Anasoma mpaka chini. Anachomoa kalamu,
anaandika juu ya safu yangu, kwa mwandiko wake mbaya:
Rudia mara tatu.

Kisha, macho yake bado kwenye namba,
ananiuliza kama nimekula.

Nasema, bado.